Draiva ya taa za LED za miche: anza na ampea, wati ziwe za mwisho

Ukiomba draiva ya LED, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaoifaa taa, katika duka la vifaa vya umeme hapa Tabora mjini, swali utakaloulizwa ni "Ya wati ngapi?" Kwa taa ya sebuleni linatosha, maana fundi anarudishia draiva inayofanana na ile iliyoungua. Kwa anayejiundia taa ya kukuzia miche ndani, au aliyeagiza chipu tupu (LED zenyewe bila draiva wala vidhibiti) kutoka Kariakoo, hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni mkondo: miliampea ngapi? La pili ni volti: kuanzia ngapi mpaka ngapi? Ukishayajibu hayo mawili, wati zinajitokeza zenyewe.

LED ni dayodi, yaani inapitisha umeme upande mmoja tu. Chini ya volti fulani haiwaki kabisa, na ikishavuka hapo, nyongeza ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti inaweza kuongeza mkondo maradufu. Joto nalo linachochea. Chipu ikipata moto, volti inazohitaji zinapungua kwa milivolti 2 hadi 4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiendelea kuipa volti zilezile wakati yenyewe sasa inahitaji pungufu, inavuta mkondo zaidi, inapata moto zaidi, inavuta zaidi tena, hadi inaungua. Ndiyo maana chipu tupu zinataka draiva inayoshikilia mkondo usibadilike na kuziacha volti zipande na kushuka kadiri chipu zinavyohitaji.

Draiva ya namna hiyo utaitambua kwenye lebo, mstari wa OUTPUT: kuna mkondo mmoja na volti za kuanzia na kuishia, mfano DC 24-42V 600mA. Ile ya aina ya pili, inayoshikilia volti, ina volti moja na mkondo wa juu kabisa, mfano DC 24V 4.2A. Hii ya pili ni ya taa za utepe na ya bodi zilizokwisha kuwekewa vidhibiti vyake. Ukiifunga kwenye chipu tupu, hata kama wati zinalingana kabisa, umeshaziua chipu zako.

Jambo moja niliseme mapema. Jua la Tabora ni la bure na lina nguvu kuliko taa yoyote utakayomudu. Mwenye uwanja ajenge kitalu cha neti, ataotesha miche mingi kwa gharama ndogo. Taa ni kwa aliyepanga chumba pale Isevya au Ng'ambo na hana hata kipande cha uwanja, kwa anayetaka miche ya nyanya na hoho itoke salama wakati mvua za Novemba mpaka Aprili zinapiga vitalu na kuleta magonjwa, na kwa anayelima saladi na giligilani kwenye rafu ndani. Kukuzia nyanya mpaka zizae kwa taa tupu, kwa bei ya umeme tunayolipa, sikushauri.

Mwanga kiasi gani

Mwanga wa mimea unapimwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Miche inaridhika na 100 hadi 200, saladi na mboga za majani 200 hadi 300, mazao ya matunda yanaanzia 400 kwenda juu. Jua la mchana lisilo na wingu linafika karibu 2,000. Taa ikiwaka kwa muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku, miche ya kawaida inatosheka.

Chipu za bei rahisi za "3W" zinatoa kama maikromoli 1.2 kwa kila wati, na chipu nzuri za kisasa zinapita 2.5. Trei moja ya miche, yenye urefu wa sentimita 55 na upana wa 28, ina eneo la mita za mraba 0.15. Wati 30 za chipu rahisi, ukitoa sehemu ya tano kwa mwanga unaomwagika pembeni, zinakupa kama 190 juu ya trei hiyo. Kwa hiyo hesabu ya wati 30 kwa trei ni kianzio kizuri. Mche ukirefuka na kuwa mwembamba kama uzi, mwanga ni mdogo au taa iko juu mno. Majani ya juu yakipauka na kujikunja, pandisha taa.

Hesabu yenyewe

Tuchukue trei moja. Unataka chipu nyeupe na nyekundu za nanomita 660, zote za "3W". Kwanza ujue kwamba jina hilo halisemi kweli. Chipu nyeupe ikipewa miliampea 700 inahitaji kama volti 3.2, yaani wati 2.2. Nyekundu inahitaji kama volti 2.2, yaani wati 1.5. Ukihesabu wati kwa kuzidisha idadi ya chipu kwa 3 utanunua draiva kubwa ambayo volti zake haziendani na mnyororo wako wa chipu.

Draiva ya mfano ni Mean Well LPC-35-700. Inatoa miliampea 700, volti 9 hadi 48. Ukifunga nyeupe 10 na nyekundu 6 kwa mfuatano, kila chanya ikienda kwenye hasi ya chipu inayofuata, unapata volti 32 kujumlisha 13.2, yaani 45.2. Ziko chini ya 48, kwa hiyo wengi wangesimama hapo na kuanza kulehemu. Lakini hizo 3.2 na 2.2 ni wastani tu. Katika fungu moja la chipu utakuta nyeupe ya 3.4 na nyekundu ya 2.4. Zikitokea zote hivyo, jumla inakuwa 48.4, na hapo draiva imefika ukingoni. Asubuhi ya Juni au Julai, chipu zikiwa baridi, volti zinapanda kidogo zaidi. Taa itawaka kwa mwanga pungufu au itapepesa, kisha ikipata moto itatulia, na utaanza kumlaumu muuzaji wa draiva.

Dawa ni kuacha nafasi ya asilimia 10. Toa nyeupe moja. Nyeupe 9 na nyekundu 6 ni volti 42 kwa wastani, na hata chipu zote zikiwa za volti za juu hazipiti 45. Zidisha 42 kwa 0.7, unapata wati 29.4. Draiva hii mwisho wake ni wati 33.6, kwa hiyo inafanya kazi bila kusukumwa mpaka mwisho.

Angalia na upande wa chini, maana huko watu husahau. Draiva nyingi za dukani zimeandikwa 8-12x3W, 600mA, DC 24-42V. Hiyo idadi ya 8 hadi 12 imehesabiwa kwa chipu nyeupe. Ukifunga nyekundu tupu 10, jumla ni volti 22, chini ya 24 inazozitaka draiva. Itawaka na kuzima, itawaka na kuzima, ingawa lebo inasema 10 zinaruhusiwa. Soma volti, idadi ya chipu iache.

Kuna draiva nyingine utakazozikuta kirahisi, zile za kubadilishia kwenye taa bapa za dari, zenye miliampea 240 au 300. Chipu ya "3W" inayopewa 300 inatoa mwanga mdogo kuliko ya 700, ila kwa kila wati inatoa mwanga mwingi zaidi na haipati moto sana. Mimi naipenda njia hii kwa rafu ya miche: chipu nyingi, mkondo mdogo. Tatizo lake ni volti. Nyingi kati ya hizo zinapanda mpaka volti 85 au 105, na umeme wa moja kwa moja unaozidi 60 si wa kugusa. Kama utazitumia, viungo vyote vifunikwe, na chipu ziwe juu kiasi kwamba mkono unaomwagilia haufiki.

Kwa chipu moja kubwa ya COB (chipu ndogo nyingi zilizokusanywa kwenye bati moja) ya wati 50, lebo ya kutafuta ni DC 30-36V 1500mA. Kwa bodi zilizotengenezwa tayari za volti 48, draiva kama HLG-120H-48A inafaa. Ina volti 48 na ampea 2.5, na chini ya vifuniko vya mpira kuna skrubu mbili za kurekebisha volti na mkondo. Zungusha ya mkondo upunguze mwanga miche ikiwa midogo. Asikudanganye mtu ufunge regyuleta ya feni ili kupunguza mwanga. Inaukata umeme vipandevipande kabla haujafika kwenye draiva, na draiva isiyotengenezwa kwa hilo haichukui muda kufa.

Usifunge sambamba bila kinga

Mtu ana COB mbili za volti 36, miliampea 1,400 kila moja, ananunua draiva moja ya 2,800 na kuzifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zinawaka vizuri. Shida ni kwamba hakuna chipu mbili zinazofanana kabisa. Yenye volti pungufu kidogo inavuta mkondo zaidi, inapata moto, volti zake zinashuka zaidi, inazidi kuvuta. Na siku moja wapo ikikatika waya, ile iliyobaki inapokea 2,800 zote peke yake. Zifunge kwa mfuatano kwa draiva ya miliampea 1,400 inayofika volti 72 na ziada, au kila moja ipewe draiva yake. Draiva mbili ndogo zina faida nyingine: moja ikifa, miche haibaki gizani.

Utepe ni habari nyepesi. Una rezista zake ndani za kuzuia mkondo usizidi, unataka volti 12 au 24 zilizotulia. Zidisha wati za mita moja kwa mita ulizonazo, kisha ugawanye kwa 0.8. Mita 5 za utepe wa wati 14.4 ni wati 72, chukua pawa saplai ya 100. Tumia ya volti 24 kuliko 12, na lisha utepe kutoka ncha zote mbili, la sivyo mwisho wake unafifia.

Wenye sola wawe makini hapa. Betri ya volti 12 ikichajiwa inafika 14.4. Utepe wa volti 12 ukifungwa moja kwa moja hapo, rezista zake zinabaki na volti nyingi za kubeba, na mkondo unaweza kupanda mara moja na nusu au hata mara mbili. Utepe unang'aa sana wiki za mwanzo, kisha unageuka rangi na kufa kipande kwa kipande. Weka kati yake kifaa cha kushusha na kushikilia volti. Kwa COB ya volti 36 kwenye betri, tumia kifaa cha kupandisha volti chenye skrubu ya kuweka mkondo. Uweke mkondo kwanza kabla hujafunga chipu.

Draiva iliyotenganishwa na umeme wa ukutani

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mahali pa miche pana maji. Draiva nyingi za bei ya chini hazina transfoma ya kutenganisha upande wa ukutani na upande wa chipu. Bati la alumini lenye chipu likigusana na waya wa kutoa wa draiva hiyo, linakuwa na umeme wa volti 230 kama soketi. Unainua mkono na chupa ya kunyunyizia, unaligusa.

Kagua kabla ya kununua. Kwenye lebo tafuta alama ya mraba ndani ya mraba na herufi SELV, maana yake volti za kutoa ni ndogo na zimetenganishwa na umeme wa ukutani. Kisha pima mwenyewe. Draiva ikiwa haijachomekwa popote, weka mita kwenye alama ya dayodi, mguu mmoja kwenye waya wa kuingizia umeme, mwingine kwenye waya wa hasi wa kutoa, halafu ugeuze. Rudia kwa waya wa pili wa kuingiza na kwa chanya. Mita ikisoma namba yoyote iliyotulia, kama 0.5 au 0.9, pande mbili zimeungana, irudishe. Ikibaki OL (hakuna njia ya umeme) kila upande, ni dalili nzuri. Taa zenye fremu ya chuma zifungwe na waya wa athi unaofika kweli ardhini.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri zile chipu za COB zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 220 bila draiva. Uso wake uko na umeme wa ukutani, zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na umeme ukipanda kidogo zinaungua.

Joto na umeme wetu

Mwezi wa 10, kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, hewa ya juu karibu na paa ni moto mchana kutwa. Ukitundika draiva huko, au ukiilaza juu ya bati lilelile la chipu, unafupisha maisha yake. Kinachochoka kwanza ndani yake ni kapasita, na kila nyuzi 10 za ziada zinapunguza umri wa kapasita kwa karibu nusu. Ifunge ukutani, chini ya usawa wa taa, nje ya nailoni ya kitalu ili mvuke usiifikie, na usiizibe kwa kitambaa wala boksi. Kiangazi vumbi linajaa, lifute.

Chipu nazo zinahitaji bati la kupozea. Mabaki ya fremu za alumini kwa mafundi wa madirisha yanafaa na ni rahisi kupata. Kadiria sentimita za mraba 100 za uso wa alumini kwa kila wati kama huna feni. Grisi ya kupitisha joto iwe tabaka jembamba sana, kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Baada ya nusu saa ya kuwaka, zima, chomoa, shika bati kwa nyuma. Ukiweza kuendelea kulishika, ni sawa. Ukilazimika kuachia mara moja, ongeza alumini au punguza mkondo.

Upande wa ukutani, soma mstari wa INPUT. Draiva ya 180-240V itapepesa jioni kwenye nyumba za mwisho wa laini, ambako volti zinashuka watu wakianza kupika na kuwasha TV. Chukua inayoanzia 90 au 100 na kufika 264 au zaidi. Umeme ukirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo, hivyo gadi ya friji, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, inafaa pia kwa taa za miche. Taima ya kuzungusha kwa mkono inasimama umeme ukikatika, na baada ya wiki yenye kukatikakatika taa zinawaka saa za ajabu. Ya namba yenye betri ndani haipotezi saa.

Kuhusu LUKU: trei ya wati 30 inavuta ukutani kama wati 35, maana draiva nayo inakula. Saa 14 kwa siku ni karibu nusu uniti, kama uniti 15 kwa mwezi. Rafu nne ni uniti 60. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, ahesabu na friji na pasi kabla hajaongeza rafu ya tano.

Kuwasha na kupima

Funga chipu kwenye draiva kwanza, hakikisha chanya na hasi, ndipo uchomeke ukutani. Usifanye kinyume. Draiva ya mkondo isiyo na mzigo inapandisha volti mpaka mwisho wake na kuzihifadhi kwenye kapasita, na ukiigusisha chipu wakati huo inapokea kishindo na kufa papo hapo. Swichi pia iwekwe upande wa ukutani, kamwe isiwe kati ya draiva na chipu.

Kupima mkondo, zima kila kitu, kata mnyororo sehemu moja, weka mita hapo kwenye tundu la 10A, kisha washa. Kwa mfano wetu utarajie kama 0.68 hadi 0.72. Ondoa mita kwa utaratibu uleule, unganisha, na upime volti kwenye ncha mbili za mnyororo: karibu 42, na baada ya nusu saa zinashuka volti moja au mbili. Zikishuka zaidi ya hapo, chipu hazipoi.

Mkondo ukiwa pungufu ya lebo na volti zimekwama kwenye 47 au 48, mnyororo ni mrefu, toa chipu. Taa ikipepesa na volti ziko chini ya namba ya kuanzia, ongeza chipu. Ikipepesa jioni tu, pima soketi. Mnyororo mzima ukizima ghafla, chomoa draiva ukutani, weka mita kwenye dayodi, gusa chipu moja moja: nzima itang'aa kidogo, iliyokatika itakaa kimya. Na chipu moja ikizima huku nyingine zote zinawaka, hiyo imeungana ndani. Ibadilishe siku hiyohiyo, na kabla ya kulehemu mpya, futa grisi ya zamani uone kama ile iliyokufa ilikuwa imekaa sawasawa kwenye alumini au iliinuka upande mmoja.